Kutoka Blekijeki hadi Poka: Ujuzi Upi Unahama na Upi Unaachwa Mlangoni

Mtu aliyejifunza blekijeki kwa makini, yaani aliyeacha kucheza kwa hisia akajua kila uamuzi unamgharimu kiasi gani, huketi kwenye meza ya poka akiwa na nusu ya kazi imekwisha kufanyika. Tatizo ni kwamba wengi hawajui ni nusu ipi. Wapo wanaodhani kwamba kumbukumbu ya karata ndiyo itakayowabeba, ilhali hiyo haina kazi kubwa huko. Na wapo wanaolisahau jambo lenye thamani kuliko yote waliyojifunza, nalo ni mazoea ya kuuliza bei kabla ya kutoa fedha. Mwongozo huu unapitia ujuzi mmoja baada ya mwingine, unaonyesha namna ya kuuhamisha, na unataja waziwazi pale ambapo mazoea ya blekijeki yatamletea hasara mchezaji wa poka.

Njia hii imepitiwa na watu wengi. Mwaka 1956 Wamarekani wanne waliokuwa jeshini, Baldwin, Cantey, Maisel na McDermott, walichapisha hesabu walizozifanya kwa mashine za kujumlishia za mezani, wakaonyesha kwa mara ya kwanza uchezaji ulio sahihi wa blekijeki kwa kila mkono. Mwaka 1962 Edward Thorp, mwalimu wa hisabati aliyetumia kompyuta ya IBM katika utafiti wake, aliwaeleza wasomaji jinsi mchezaji anayefuatilia karata zilizokwisha kutoka anavyoweza kuishinda kasino yenyewe. Kutokana na kazi hiyo vikazaliwa vikundi vya wachezaji, kikiwemo kile mashuhuri cha wanafunzi na wahitimu wa chuo cha MIT huko Marekani. Mmoja wao, Andy Bloch, alihamia kwenye poka, na mwaka 2006 alishika nafasi ya pili katika shindano la kiingilio cha dola 50,000 la World Series of Poker, mashindano makuu ya poka duniani, akishindwa na Chip Reese pekee. Hakufika pale kwa kukumbuka karata. Alifika kwa namna ya kufikiri aliyoizoea tangu zamani, akaongeza juu yake elimu ya kuwasoma watu.

Poka ninayoizungumzia hapa ni Texas Hold'em, ambayo ndiyo inayochezwa zaidi. Kila mchezaji hupewa karata mbili za siri, kisha karata tano za wote hufunuliwa mezani: tatu kwa pamoja, halafu moja, halafu nyingine moja. Kabla hazijafunuliwa na baada ya kila hatua, wachezaji huweka madau. Fedha zote zinazokusanyika katikati ya meza nitaziita fungu.

Uulize bei kwanza

Katika blekijeki wewe na mgawaji wa kasino hushindana kuikaribia jumla ya 21 bila kuipita. Chukua mkono ambao kila mchezaji wa blekijeki anauchukia: wewe una 16, mgawaji anaonyesha 10. Ukiomba karata, kwa wastani unapoteza takriban shilingi 54 katika kila 100 ulizoweka. Ukisimama, unapoteza karibu kiasi hicho hicho. Lakini pale ambapo kasino inaruhusu kujisalimisha, unatoa nusu ya dau, shilingi 50, na mkono unaishia hapo. Mchezaji aliyefundishwa hujisalimisha bila kusita, kwa sababu hasara ya 50 ni ndogo kuliko hasara ya 54, wala hajiulizi kama leo ana bahati au hana. Mtu aliyefikia kiwango hicho cha utulivu amepata kitu ambacho wachezaji wengi wa poka hukitafuta kwa miaka mingi bila kukipata: uwezo wa kuchagua hasara iliyo ndogo pasipo kuona aibu.

Katika poka uamuzi wa namna hiyo ni kutupa karata, na kwa kweli unatakiwa mara nyingi zaidi. Hapo hurudishiwi nusu, kwa maana fedha ulizokwisha kuingiza katika fungu si zako tena; kwa hiyo usiziingize katika hesabu ya uamuzi ulio mbele yako. Hesabu inayobaki ni moja tu: nikilipa kiasi hiki sasa, kuna fedha kiasi gani za kushinda, na nitashinda mara ngapi?

Tuseme fungu lina shilingi 6,000, na mpinzani wako ameweka 3,000. Ukilipa 3,000, unagombea 9,000. Fedha yako itakuwa robo ya jumla ya 12,000, hivyo unahitaji kushinda angalau mara 25 katika 100 ili usipate hasara. Wewe una karata mbili za kopa, mezani ziko kopa nyingine mbili, na imebaki karata moja kufunuliwa; ikija kopa ya tano, utakuwa na mkono wa kushinda. Katika karata 46 ambazo hujaziona, kopa ni tisa. Tisa kwa 46 haifiki asilimia 20. Kwa bei hiyo pekee, kila unapolipa unapoteza wastani wa shilingi 650 hivi. Kama dau la mpinzani lingekuwa 1,000, ungehitaji asilimia 12.5 tu, na kulipa kungekuwa sahihi kabisa. Mkono ni ule ule. Kilichobadilika ni bei.

Mchezaji wa blekijeki ataitambua hesabu hii akikumbuka bima. Mgawaji akionyesha ree, kasino humuuzia mchezaji dau la pembeni linalolipa mbili kwa moja endapo karata iliyofichwa ina thamani ya kumi. Malipo ya mbili kwa moja yanataka ushinde theluthi moja ya mara. Katika karata 52, zenye thamani ya kumi ni 16, yaani chini ya asilimia 31, ndiyo maana aliyefundishwa huikataa bima, na anayehesabu karata huinunua tu pale ambapo hesabu yake inaonyesha kwamba kumi zimebaki kwa wingi. Sasa angalia poka: mpinzani akiweka dau lililo sawa na fungu zima, unalipa moja kushinda mbili, na unahitaji theluthi ile ile. Ni swali moja lililovaa nguo mbili, na mtu aliyekwisha kulijibu mara nyingi akiwa na ree ya mgawaji mbele yake hatatetereka akiulizwa tena na mtu mwenye chipu nyingi.

Ili hesabu iende haraka, wachezaji wa poka hutumia njia ya mkato: zidisha idadi ya karata zinazokufaa kwa mbili ikiwa imebaki karata moja, na kwa nne ikiwa zimebaki mbili. Kopa tisa zinatoa 18 na 36, ilhali majibu kamili ni karibu 19.6 na 35. Tahadhari ni kwamba kuzidisha kwa nne kunafaa tu pale ambapo utaziona karata zote mbili bila kulipa tena katikati, kwa mfano fedha zote zikiwa zimekwisha kuingia mezani. Wengi hutumia nne pale panapotakiwa mbili, na kosa hilo huwatafuna polepole kwa miaka.

Kuna jambo moja hapa ambalo blekijeki haikulifundisha. Katika blekijeki, ukiondoa kuongeza dau mara mbili na kugawanya karata, bei unayolipa hujulikana tangu mwanzo. Katika poka unaweza kulipa bei iliyo ghali kidogo leo kwa kutarajia kwamba, karata yako ikifika, mpinzani atakulipa zaidi. Katika mfano wetu wa dau la 3,000, ungehitaji kupata kwake wastani wa shilingi 3,300 na zaidi kila kopa inapofika, ili kulipa kusikuletee hasara. Je, kopa ya tatu ikilala mezani waziwazi, mtu huyu atalipa kiasi hicho? Jibu halimo katika hesabu. Limo katika tabia ya mtu aliyeketi mbele yako.

Kuhesabu karata: acha kumbukumbu, beba kanuni

Njia ya kuhesabu inayojulikana zaidi katika blekijeki hutoa alama moja ya kujumlisha kwa kila karata ya 2 hadi 6 inayotoka, alama moja ya kutoa kwa kila kumi, jaki, malkia, mfalme na ree, na huziacha 7, 8 na 9 bila alama. Jumla hugawanywa kwa idadi ya makasha ya karata yaliyobaki, kwa sababu ziada ya alama sita ina uzito mkubwa likiwa limebaki kasha moja kuliko yakiwa yamebaki matano. Yote haya yana maana kwa kuwa karata zilizotoka hazirudi mpaka zichangwe upya.

Katika poka karata huchangwa kila mkono. Kumbukumbu ya mkono uliopita, kwa upande wa karata zenyewe, inakufa hapo hapo. Hivyo anayekuja na nia ya kuhesabu kama alivyozoea na aiache. Lakini kanuni iliyo chini ya hesabu ile inabaki hai ndani ya kila mkono: karata ninayoiona haiwezi kuwa mkononi mwa mtu mwingine, na kila karata ninayoiona inabadilisha uwezekano wa zile nisizoziona.

Jifunze kwanza namba chache. Karata mbili za mwanzo zinaweza kupangika kwa njia 1,326. Jozi yoyote, kama ree mbili, hupatikana kwa njia 6. Karata mbili tofauti, kama ree na mfalme, hupatikana kwa njia 16, kati yake 4 zikiwa za aina moja, mfano kopa na kopa. Sasa ukishika ree moja wewe mwenyewe, njia za mpinzani kupata ree mbili zinashuka kutoka 6 hadi 3, na njia za kupata ree na mfalme zinashuka kutoka 16 hadi 12. Ikiwa wewe una ree moja na mezani iko nyingine, ree mbili zinabaki na njia moja tu. Mtu ambaye miaka yote amekuwa akigawanya alama kwa makasha yaliyobaki hatapata shida na hesabu hii. Anachotakiwa ni kuielekeza kwingine.

Mfano mmoja uliopimwa vizuri utasaidia kuliko maelezo marefu. Mezani zimefunuliwa mfalme wa shupaza, tisa ya kopa na nne ya kopa. Halafu saba ya pau. Mwisho mbili ya uru. Wewe una ree ya kopa na mfalme wa uru, yaani jozi ya wafalme yenye ree pembeni. Mpinzani, ambaye amekuwa akiweka madau makubwa tangu zile karata tatu za kwanza, sasa ameweka dau lililo sawa na fungu. Unahitaji theluthi moja.

Tuseme unamfahamu kiasi cha kuamini kwamba anacheza hivi kwa mikono ya aina mbili tu: ama alipata karata tatu zinazofanana tangu mwanzo, ama alikuwa akisubiri kopa ya tano ambayo haikufika na sasa anakutishia nyau, yaani anaweka dau kubwa bila karata za maana. Hesabu za kwanza: wafalme watatu, njia 1, kwa sababu mfalme mmoja uko mkononi mwako na mwingine mezani, tisa tatu, njia 3, nne tatu, njia 3. Jumla 7. Kwa kopa zilizomkosa, weka zile karata zinazokaribiana ambazo mtu wa kawaida angezicheza: malkia na jaki, malkia na kumi, jaki na kumi, kumi na nane, nane na sita, sita na tano. Jumla 6. Kama anatisha kwa zote sita, unashinda mara 6 katika 13, ambayo ni asilimia 46, na unapaswa kulipa. Kama ana ujasiri wa kutisha nusu ya mara tu, unashinda mara 3 katika 10, asilimia 30, na unapaswa kutupa karata ingawa mkono wako ni mzuri.

Sasa badilisha kitu kimoja tu: ree yako iwe ya pau badala ya kopa. Nguvu ya mkono wako haijaongezeka hata chembe. Lakini sasa mpinzani anaweza kuwa na ree na malkia, ree na jaki, au ree na kumi, zote za kopa, mikono ambayo watu hupenda sana kuicheza. Njia za kutisha zinakuwa 9. Hata akitisha nusu ya mara, ni 4.5 dhidi ya 7, karibu asilimia 39, na kulipa kunakuwa sahihi. Aina ya ree mkononi mwako imegeuza uamuzi wote. Kwangu mimi hapa ndipo mchezaji wa blekijeki anapoweza kuwazidi wengine haraka zaidi, kwa sababu amekwisha kuzoea kuiona karata moja kuwa ni habari kuhusu nyingine zote.

Angalia pia kilichobaki nje ya hesabu. Namba 7, 6 na 9 nimezipata kwa kuhesabu. Ile nusu, yaani mara ngapi mtu huyu huthubutu kutisha, nimeikadiria kwa kumtazama. Poka yote iko katika kuunganisha aina hizo mbili za maarifa.

Jedwali halitoshi

Jedwali la uchezaji sahihi la blekijeki lina jibu kwa kila hali kwa sababu mgawaji hana hiari: akiwa na 16 anachukua karata, akifika 17 anasimama. Hakuogopi wala hatafuti kukudanganya, na hatabadilika hata ukicheza naye mwaka mzima. Ndiyo maana jibu likishapatikana, limepatikana.

Ni busara kuanza poka kwa jedwali pia. Liwe jedwali la karata za kuanzia, linalosema ni mikono ipi ya kuingia nayo ukiwa wa kwanza kusema, ipi ukiwa katikati, na ipi ukiwa wa mwisho. Nidhamu ya kulifuata utakuwa nayo tayari, na itakuokoa na kosa kuu la wanaoanza, nalo ni kuingia katika mikono mingi mno. Lakini baada ya karata tatu za kwanza kufunuliwa, jedwali linaanza kunyamaza, na swali linahama kutoka “nina nini?” kwenda “yeye anadhani mimi nina nini, naye anafanya hivi kwa nini?” Mgeni kutoka blekijeki hujikwaa hapa kwa sababu anaendelea kuzitazama karata zake. Mazoezi yanayosaidia ni haya: katika kila mkono ambao wewe umeshatupa karata, endelea kumtazama mtu mmoja, kisie anazo nini kila anapoweka dau, na ulinganishe na zitakazofunuliwa mwisho. Saa nyingi za poka hupita hivi, na asiyezitumia anapoteza shule ya bure.

Suala la kiti linahitaji maneno machache. Katika blekijeki wapo wanaomlaumu mchezaji wa kiti cha mwisho kwa “kumpokonya mgawaji karata mbaya.” Kwa hesabu ya muda mrefu lawama hiyo haina msingi; mchezaji huyo huwasaidia na kuwaharibia wenzake kwa kiasi kile kile. Katika poka, kinyume chake, kiti ni jambo kubwa sana, kwa sababu anayesema mwisho amekwisha kuona wengine wamefanya nini. Kwa hiyo aliyejifunza, kwa usahihi, kutojali kiti katika blekijeki hana budi kujifunza upya.

Dau lako linazungumza

Anayehesabu karata huweka dau dogo wakati kasino ina nafuu, yaani wastani wa ushindi uko upande wake, na dau kubwa wakati nafuu imehamia kwake. Msingi huo unahama wote: katika poka pia fedha nyingi ziingie pale ulipo na nguvu, na chache pale ulipo dhaifu. Lakini ukiutekeleza hivyo hivyo kwa uwazi, utasomwa na kila mtu. Mgawaji wa blekijeki habadilishi uchezaji wake kwa sababu umeongeza dau; anayekutazama ni msimamizi wa kasino, naye anaweza kukuzuia usicheze. Mpinzani wa poka hubadilika papo hapo. Kwa hiyo ukiamua kwamba dau lako katika hali fulani ni theluthi mbili za fungu, liwe hivyo ukiwa na karata tatu zinazofanana na liwe hivyo ukiwa unatisha. Waliowahi kujificha mbele ya wasimamizi wa kasino wataona kwamba stadi hiyo ya kuficha nia inawafaa sana hapa.

Lakini kuna mpaka usiopaswa kuvukwa. Katika vikundi vya blekijeki, wachezaji wengine hufuatilia karata huku wakiweka madau madogo, kisha humpa ishara mwenzao aje na dau kubwa meza inapokuwa nzuri. Walishindana na kasino, na kasino nyingi ziliishia kuwafukuza. Katika poka ishara kati ya wachezaji wawili ni wizi mtupu, kwa sababu anayeibiwa ni mtu aliyeketi nawe akiamini kwamba kila mmoja anacheza peke yake. Ujuzi huo uachwe kabisa mlangoni.

Mtaji na hasira

Mwaka 1956 huo huo, John Kelly, mtafiti wa maabara za Bell huko Marekani, alichapisha kanuni ya kupima dau kulingana na mtaji na ukubwa wa nafuu uliyo nayo. Katika blekijeki, mwenye nafuu ya asilimia 1 huwekeza chini kidogo ya asilimia 1 ya mtaji wake: kwa mtaji wa shilingi 1,000,000, dau la 7,500 hivi, na walio waangalifu huweka nusu ya hapo. Katika poka kanuni hiyo haitumiki moja kwa moja, kwa sababu nafuu yako inategemea nani ameketi mezani, tena huijui kwa uhakika. Wachezaji makini hutumia kipimo cha jumla: mtaji wa kununulia nafasi mezani mara 20 hadi 30 kwa michezo ya fedha taslimu, na viingilio 100 au zaidi kwa mashindano, ambako mtu hukaa muda mrefu bila kushinda chochote. Fedha hizo ziwe zimetengwa mbali na kodi ya nyumba, ada ya shule na chakula.

Aliyehesabu karata anajua pia kwamba mtu anaweza kucheza sawasawa usiku kucha na bado akaliwa. Maarifa hayo ni dawa katika poka. Tofauti ni kwamba mgawaji hakucheki wala hafaidiki na hasira yako, ilhali mpinzani wa poka anaisubiri. Ukijikuta unataka kurudisha zilizoliwa, ondoka mezani. Wanaokaa nawe watakuwa wameliona kabla yako.

Kitu kingine kinachohama vizuri ni tabia ya kuichunguza meza kabla ya kukaa. Mchezaji mzuri wa blekijeki hukataa meza inayolipa mkono wa blekijeki (ree na karata ya thamani ya kumi) sita kwa tano badala ya tatu kwa mbili, kwa kuwa badiliko hilo peke yake linaiongezea kasino takriban asilimia 1.4. Katika poka kasino haichezi nawe, inakata sehemu ya fungu. Kwa hiyo lazima wawepo mezani watu unaowazidi kwa kiasi kinachopita makato hayo. Meza ya wachezaji hodari tisa ni mbaya kwako hata kama nawe ni hodari.

Mpangilio wa mazoezi

Anza nyumbani, na kasha moja la karata na maharage badala ya fedha. Wasomaji wengi wa Kiswahili wamekatazwa kamari na dini yao, na hesabu yote iliyo katika mwongozo huu inaweza kujifunzwa bila kuweka hata senti. Anayekwenda kwenye kasino naye ajue sheria ya nchi aliyopo, kwa maana hazifanani: Tanzania umri wa chini ni miaka 18, Uganda ni 25.

Katika hatua ya kwanza gawa karata mbili kwako na funua nne mezani, kisha taja kwa sauti ni karata ngapi zinaweza kukuokoa, na bei ya juu unayoweza kulipa ikiwa fungu ni maharage 100. Rudia mpaka jibu lije bila kusita, kama vile jibu la 16 dhidi ya 10 linavyokuja. Hatua ya pili, mchagulie mpinzani wa kufikirika mikono ya aina mbili na uhesabu njia za kila aina ukiondoa karata unazoziona. Badilisha aina ya karata moja mkononi mwako uhesabu tena. Hii ndiyo hatua inayochosha, na ndiyo yenye faida kubwa kuliko nyingine zote. Hatua ya tatu, cheza na watu kwa maharage, na mikono ifunuliwe mwisho hata kwa waliotupa karata, ili makisio yako yasahihishwe hapo hapo.

Utakapoanza kucheza kwa uzito, weka daftari lenye safu tatu kwa kila mkono uliokusumbua: bei uliyopewa, njia ulizohesabu, na ulichokidhania kuhusu mpinzani. Anayetoka blekijeki ataona baada ya muda kwamba safu mbili za kwanza ziko sawa karibu siku zote, na makosa yake yamerundikana katika ya tatu. Basi muda wa mazoezi upeleke huko: chukua mpinzani mmoja unayekutana naye mara kwa mara, pitia mikono yake yote uliyoiandika, na uandike upya kwa namba ni mara ngapi kweli alitisha kati ya zile ulizodhani anatisha.